Kiberiti cha njiti, cha gesi au kijiti cha cheche: kipi nibebe Usambara wakati wa masika?

Mtembezi wa Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na wenzangu watano tunajiandaa kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kupitia Lukozi na Rangwi, kwa siku nne za mwishoni mwa Aprili, yaani masika yakiwa bado hayajaisha. Usiku mmoja tutalala katika nyumba ya wageni, lakini siku nyingine tutalala kwenye mahema katika viwanja vya wenyeji ambao wameshatukubalia, na wameturuhusu kukoka moto mdogo wa kupikia na kukaushia nguo. Ninaomba ushauri juu ya jambo moja tu, nalo ni vifaa vya kuwashia moto huo.

Sababu ya kuuliza ni hii. Mwezi Novemba mwaka jana tulipanda milima ya Uluguru, na mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la moto. Nilibeba viberiti viwili vya njiti katika mfuko wa suruali, nikiamini kwamba vinatosha. Tulipofika mahali pa kulala, jasho langu na ukungu wa mlimani vilikuwa vimekwisha kuvilainisha. Njiti ya kwanza ilisagika kichwa ikaacha alama nyekundu ubavuni mwa kiberiti kama chaki iliyolowa, ya pili ikang'oa kipande cha ile karatasi ya kahawia ya kukwaruzia, na kuanzia hapo kila njiti niliyoichukua ilifanya mojawapo ya hayo mawili. Mwenzetu mmoja alikuwa akitetemeka hata vidole vyake vikashindwa kufunga zipu ya koti. Tulisaidiwa na kijana aliyekuwa akirudi kutoka shambani, ambaye alitupatia kiberiti chake cha gesi na kutuonyesha kuni zinazofaa. Tangu siku ile sijaacha kuwaza ingekuwaje kama asingepita.

Sasa nimeona mtandaoni kijiti cha feroseriamu, kile kinachokwanguliwa kwa chuma kikatoa cheche, kinauzwa shilingi 65,000 pamoja na dira, filimbi na kisu kidogo. Muuzaji anasema kinawasha moto hata mvuani. Wapo pia wanaonisifia kiberiti cha umeme kinachochajiwa kama simu. Je, fedha hizo zina thamani yake, au kuna njia iliyo bora na nafuu zaidi? Ningependa pia vifaa hivyohivyo vinifae nyumbani, kwa kuwa mtaani kwetu mvua kubwa zikinyesha umeme hukatika na barabara hufungwa kwa siku mbili tatu.

Natanguliza shukrani.

Mpishi wa Marangu

Ndugu Mtembezi, pole kwa yaliyokukuta Uluguru. Nimepika mlimani Kilimanjaro kwa miaka kumi na saba, nikianza kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, na nimekwisha kuona viberiti vya kila aina vikigoma. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako linagusa uhai wa watu.

Nianze na kiberiti cha njiti, kwa kuwa ndicho kilichokuangusha. Viberiti tunavyouziwa dukani ni vya usalama: sehemu ya dawa inayowasha, ile fosforasi nyekundu, haimo katika kichwa cha njiti bali imepakwa ubavuni mwa kiberiti. Kwa hiyo ukikausha njiti mia moja na ile karatasi ya ubavuni ikabaki imelowa, huna kitu. Watu wengi huhangaika kuchovya njiti katika nta ya mshumaa, jambo ambalo ni zuri, lakini husahau karatasi. Kama unataka kubeba njiti, kata ubavu wa kiberiti, uuweke pamoja na njiti katika kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha, karatasi ikiwa imefungwa peke yake ndani ya kipande cha nailoni ili vichwa vya njiti visisuguane nayo. Usiweke kichupa hicho mfukoni mwa suruali. Kiweke katikati ya begi, ndani ya nguo kavu.

Kiberiti cha gesi, kile cha gurudumu kinachouzwa kila duka la mtaani, ndicho ninachokitegemea mimi kila siku. Nunua vitatu vya aina iliyo madhubuti, kwa sababu vile dhaifu sana huvuja, kisha kimoja kikae mfukoni kifuani, kimoja ndani ya begi, na cha tatu kwa mwenzako, ili begi moja likitumbukia mtoni msipoteze vyote. Chini ya kile kidude cha kubonyeza, viringisha mpira mdogo wa kufungia fedha, ili kisijibonyeze chenyewe ndani ya begi kikamaliza gesi bila wewe kujua. Kikilowa, usitupe. Kipulize kwa nguvu, kisha zungusha gurudumu lake juu ya kitambaa kikavu cha suruali mara ishirini au thelathini. Utaona cheche zinarudi moja moja, halafu nyingi, halafu mwali.

Chagua cha gurudumu, usichague cha kubofya kinachotoa cheche ya umeme. Vile vya kubofya huanza kusumbua kadiri unavyopanda, na huku kwetu wageni wengi hufika Horombo, mita 3,720, wakiwa navyo mikononi wakibofya bila mafanikio. Jambo la pili ni baridi. Gesi ya ndani ya viberiti hivi kwa kawaida ni byuteni, ambayo hugeuka kuwa mvuke kwenye nyuzijoto karibu na sifuri. Ikipoa chini ya hapo hubaki kimiminika na mwali haupatikani. Usambara hamtafikia baridi hiyo, lakini siku mkija Kilimanjaro mlale na kiberiti ndani ya begi la kulalia, na asubuhi mkiweke kwapani dakika chache kabla ya kukitumia.

Kijiti cha feroseriamu ni kitu kizuri, ila si kwa sababu anazozitaja muuzaji wako. Cheche zake zinafikia nyuzijoto zipatazo 3,000, hakiathiriwi na maji wala baridi wala kimo, na kimoja chenye unene wa kidole kidogo kitadumu miaka mingi. Lakini cheche si mwali. Ukizielekeza kwenye kijiti cha kuni, hata kikavu, hakuna kitakachotokea. Cheche huhitaji kitu laini, kikavu na chenye nyuzi, ambacho nitakiita kianzio, na kianzio hicho ndicho kinachoamua kama utakula ugali au utalala na njaa. Muuzaji anaposema kinawasha mvuani anasema nusu ya ukweli. Kijiti chenyewe hakijali mvua, ila pamba yako inajali.

Tena ujue kwamba kile kijiwe kidogo kilicho chini ya gurudumu la kiberiti cha gesi kimetengenezwa kwa feroseriamu hiyohiyo, mchanganyiko wa metali aliouvumbua Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Maana yake ni kwamba kiberiti cha gesi kilichoishiwa gesi bado ni kijiti kidogo cha cheche, na kikikutana na kianzio kizuri kitakuwashia moto. Kwa hiyo usilipe shilingi 65,000. Dira iliyobandikwa kwenye mpini wa kijiti mara nyingi haiaminiki, na filimbi utaipata kwa bei ndogo. Tafuta kijiti kitupu chenye urefu wa vidole vinne hivi, utumie mgongo wa kisu chako, mradi mgongo huo uwe na pembe kali.

Mwisho, kwa faida ya wasomaji wengine: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro moto wa kuni hauruhusiwi kabisa, na tunapika kwa gesi. Mnakumbuka moto wa Oktoba 2020 ulioanzia Whona, katika njia ya Marangu, ambao TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza wakati ule kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Niliona kwa macho yangu mteremko mzima ukiwa mweusi. Anayejifunza kuwasha moto ajifunze na mahali pasipofaa kuuwasha.

Dereva wa Masafa

Mnazungusha mambo, wakuu. Chukueni chupa ndogo ya maji mjaze petroli, mkifika mnamwagia kuni hata zikiwa mbichi, kiberiti kimoja kinatosha. Mimi barabarani nikikwama usiku hufanya hivyo.

Mpishi wa Marangu

Ndugu Dereva, kwa heshima zote ninaomba usiwashauri vijana hawa jambo hilo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kusambaa mbali na mahali ulipomwaga, na unapowasha njiti moto hukurudia miguuni. Chupa ya plastiki ikivujia ndani ya begi itaharibu chakula na mahema, na aliyebeba begi hilo hawezi tena kusogelea moto. Isitoshe, petroli huungua yote kabla kuni mbichi hazijakauka, ukabaki na kuni nyeusi kwa nje, zilizolowa kwa ndani. Nimemhudumia kijana aliyeungua mikono yote miwili kwa njia hii, tukiwa saa nne za kutembea kutoka kwenye gari. Sitaki kuona tena jambo lile.

Jirani wa Ngong

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi hutembea na kundi la vijana katika vilima vya Ngong na Loita, na ninakubaliana na Mpishi karibu katika yote. Nina machache ya kuongeza.

Kwanza, kiberiti cha umeme kinachochajiwa. Nilikuwa nacho, na kwa kuwasha mshumaa mezani ni kizuri sana kwa sababu upepo haukizimi. Tatizo lake ni kwamba ule mwali wa umeme umekaa katika kijipengo chembamba kati ya vipande viwili vya chuma, kwa hiyo huwezi kuuingiza chini ya majani wala katikati ya vibanzi. Unalazimika kukileta kianzio kwenye kiberiti badala ya kiberiti kwenye kianzio. Pia betri ile ikiisha siku ya tatu, mwenzako ana benki ya umeme ambayo wote mnaigombania kwa ajili ya simu. Kiache nyumbani.

Pili, kama kuna yeyote anayekuja kwa ndege, ajue kanuni za kimataifa za abiria. Kiberiti kimoja cha gesi au kiberiti kimoja kidogo cha njiti za usalama kinaruhusiwa ukiwa nacho mwilini tu, si katika mzigo unaokabidhiwa. Njiti zinazowaka kwa kukwaruzwa popote hazipiti kabisa, na mtungi wa gesi wa jiko la kubeba haupiti mwilini wala mzigoni. Mtungi ununue ukifika.

Tatu, huku kwetu Loita magome ya mtarakwa uliokauka ni kianzio bora kuliko karatasi. Ukiyasugua kati ya viganja yanageuka nyuzi laini za kahawia zenye harufu nzuri, na cheche ikiingia humo haitoki. Chukua yale ya mti uliokwisha kufa, usiambue mti ulio hai. Wazee wa Kimaasai hadi leo wanajua kupekecha moto kwa kijiti kigumu juu ya kibao laini. Kijiti hicho kinaitwa olpiron, na jina hilohilo ndilo la uhusiano kati ya vijana wa rika jipya na wazee wa rika lililowatangulia kwa ngazi mbili, wale wanaowawashia moto na kuwalea. Nilipoelezwa hivyo na mzee mmoja, nilielewa kwa nini alinikataza kuruka juu ya moto wake.

Mtembezi wa Morogoro

Ninawashukuru sana. Kaka Mpishi, umenifumbua macho kuhusu ile karatasi ya ubavuni. Siku ile nilikuwa nikizipulizia njiti pumzi ya moto ili zikauke, kumbe tatizo lilikuwa upande wa pili. Swali langu sasa ni juu ya hicho kianzio. Usambara wakati wa masika kila kitu kimelowa, hata magome. Nibebe nini kutoka nyumbani, na kuni kavu nitazipata wapi katika mlima unaonyeshewa kutwa?

Mzee wa Pangani

Wanangu, poleni na shughuli. Mimi ni mtu wa pwani, lakini nilifanya kazi ya misitu huko Lushoto tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na masika ya Magamba ninayafahamu vizuri.

Zamani zetu kiberiti kilikuwa kitu cha kununua kwa mpango. Mama yangu alikuwa akinituma kwa jirani kupalia moto, nikirudi na kaa ndani ya kifuu cha nazi, juu yake jivu ili lisife njiani. Na wale waliomtangulia walikuwa na ulindi na ulimbombo: ulindi ni kile kijiti cha kupekechea, ulimbombo ni kipande cha mti laini kinachokaa chini, kikiwa kimetobolewa kidogo na kuchanjwa mkato ubavuni ili unga mweusi upate mahali pa kudondokea. Unapekecha kwa viganja vyote viwili ukishuka kutoka juu hadi chini, unarudi juu, unashuka tena, hadi ule unga utoe moshi wenyewe bila wewe kupekecha. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanafanya hivyo hata leo, kwa muda mfupi sana. Ninayasema haya kwa sababu ukitazama kwa makini utaona kwamba hata wao, wakishapata kile kikaa kidogo kama punje ya mtama, wanakihamishia kwenye kitita cha nyasi kavu walichokiandaa kabla. Hawaanzi kutafuta nyasi wakati kaa limekwisha kupatikana.

Kwa hiyo andaa nyumbani. Nunua pamba ya duka la dawa, na uhakikishe ni pamba kweli, kwa sababu ile ya kutengenezwa kiwandani kwa nyuzi za plastiki huyeyuka badala ya kuwaka. Chukua donge la ukubwa wa yai, ulipake mafuta ya mgando upande wa nje, ukikanda kidogo ili yaingie, lakini usiyafikishe hadi katikati. Katikati pabaki pakavu. Siku ya kuwasha utalipasua donge kwa vidole ili zile nyuzi kavu zitoke nje kama unywele wa mtoto, na hapo ndipo cheche itashika. Mafuta ndiyo yatakayolifanya donge liendelee kuwaka dakika tatu, nne au zaidi, badala ya kulipuka na kuzimika. Madonge kumi yanakaa ndani ya kopo dogo la mafuta hayohayo lililokwisha.

Kama pamba ni shida, pasua mto wa zamani utoe usufi. Usufi unashika cheche haraka kuliko pamba, ila unakwenda kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo uchanganye na mafuta vilevile. Nyuzi za makumbi ya nazi, zikiwa kavu na zimesuguliwa, hushika cheche na kufuka polepole. Ni nzuri kwa kuhifadhi moto, lakini zinahitaji kupulizwa hadi zitoe mwali. Na kitu ambacho watu wa mjini hukidharau ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kata ukanda wenye upana wa kidole. Hata ukiuchovya majini, ukiufuta tu na kuutia mwali wa kiberiti unawaka kwa dakika kadhaa. Moshi wake ni mchafu na una madhara, kwa hiyo uwe wa dharura tu, na chakula kisikae juu yake.

Sasa kuni. Usiokote kuni zilizolala chini. Hizo zimekunywa maji ya ardhi. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limening'inia au limesimama, ulivunje. Likilia kwa mlio mkali wa kukatika, ndani ni kavu hata kama gome limelowa. Likipinda bila kulia, liache. Kisha lipasue mara nne ili upate ule moyo mkavu, na kutoka kwenye moyo huo chonga vibanzi vyembamba kama njiti za kiberiti, vingine vya unene wa penseli, vingine vya unene wa kidole gumba. Kwenye mashamba ya misonobari, kama Shume, mtapata visiki vya zamani vilivyojaa utomvu. Kipande chake kina rangi ya asali, kizito mkononi, kina harufu ya tapentaini, na kinawaka hata mvua ikinyesha. Ombeni kwanza kwa wahusika, kwa kuwa mashamba yale na hifadhi ya Magamba yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuokota bila ruhusa ni kosa.

Jambo la mwisho: mkishakusanya kuni, ongezeni mara mbili ya mnachodhani kinatosha, kabla ya kuwasha. Mtu anayeacha moto mchanga ili akatafute kuni hurudi akakuta jivu.

Mama wa Bondeni

Shikamoo Mzee wa Pangani, na salaam kwenu wengine. Ninaishi Dar es Salaam, jirani na bonde la Msimbazi, na mimi nitazungumzia ule upande wa nyumbani alioutaja ndugu Mtembezi, kwa sababu maji yamekwisha kutuingilia ndani zaidi ya mara moja na nimejifunza kwa hasara.

Mara ya kwanza maji yalipoingia, viberiti vyangu vyote vilikuwa katika droo ya chini ya kabati la jikoni, na gunia la mkaa lilikuwa uani sakafuni. Nilibaki na watoto watatu, sufuria na mchele, bila njia ya kuupika. Tangu hapo ninayo ndoo ya plastiki ya lita ishirini yenye kifuniko kinachobana, na inakaa juu ya kabati, si chini. Ndani yake mna mkaa uliovunjwavunjwa wa kupika milo mitatu, viberiti viwili vya gesi na kimoja cha njiti katika mfuko uliofungwa, mishumaa minne, madonge ya pamba kama yale aliyoyaeleza Mzee, na kisu. Kila mara mvua za vuli na za masika zinapokaribia ninaifungua, ninajaribu kila kiberiti, ninabadilisha kilichochoka. Mshumaa mfupi uliobaki nusu usitupwe: ni kianzio kizuri kuliko karatasi, kwa sababu kiberiti unakitumia mara moja tu kuuwasha, kisha mshumaa wenyewe ndio unaokaa chini ya vibanzi hadi vishike, na gesi yako inabaki.

Yapo mambo mawili ambayo ninawasihi msiyachukulie kwa wepesi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa wala ndani ya hema, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, kisha haamki. Watu hudhani kwamba pasipo moshi pana usalama, na hapo ndipo wanapokosea. Pikeni barazani, au chini ya turubai lililo wazi pande zote.

La pili ni mtungi wa gesi. Baada ya mafuriko, mtungi uliobiringishwa na maji unaweza kuwa umelegea kwenye koki. Ukiingia ndani ukanusa gesi, usiwashe kiberiti, usiwashe taa, usizime hata swichi iliyokuwa imewashwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Fungua mlango na madirisha, funga koki kama unaifikia, toka nje na watoto, usubiri. Ninasema hivi kwa sababu sisi tunaojali sana kuwa na kiberiti karibu ndio tulio rahisi kukichomoa gizani bila kufikiri. Kwa kazi ya kuangalia ndani usiku weka tochi katika ndoo hiyohiyo, uiwashe ukiwa bado nje, ndipo uingie.

Na kama una watoto wadogo, ndoo ikae mahali ambapo hata wakipanda kiti hawaifikii.

Jirani wa Ngong

Mama, asante kwa hilo la hema. Kila msimu huwa ninawakuta vijana wanaotaka kulala na jiko kwa sababu ya baridi, na siku zote nimewakataza bila kuwaeleza sababu kwa ufasaha kama ulivyofanya. Nitawasomea ujumbe wako.

Mtembezi, jaribu vitu vyako vyote nyumbani kabla ya safari, na ujaribu siku ya mvua, mikono ikiwa imelowa na baridi. Chovya vidole katika maji ya friji dakika mbili kisha ushike kiberiti. Utajua papo hapo ni kipi unachoweza kukitumia na kipi kinakuhitaji uwe na vidole vyepesi.

Mtembezi wa Morogoro

Shikamoo Mzee, shikamoo Mama. Nimefanya kama mlivyoniagiza, na ninaona ni wajibu wangu kuwaletea majibu.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha Morogoro tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Ilipopungua na kubaki manyunyu, nilitoka uani na mdogo wangu, tukavunja matawi makavu ya mwembe yaliyokuwa yamening'inia, yakiwa yamelowa gome. Kijiti cha cheche nilikipata mjini kwa bei ya chini sana kuliko ile ya mtandaoni, bila dira wala filimbi. Mara ya kwanza sikupata kitu kabisa, hata cheche, hadi mdogo wangu aliposoma kwamba lile tabaka jeusi la juu ni rangi na ni lazima likwanguliwe kwanza. Baada ya hapo cheche zilitoka, lakini kila nilipovuta kisu kwa nguvu mkono wangu uligonga donge la pamba na kulirusha matopeni. Madonge mawili yalipotea hivyo. Donge la tatu nilifanya kinyume: nilikikita kisu mahali pamoja karibu na pamba, kikatulia, nikavuta kijiti kuja nyuma. Cheche zilidondoka pale pale nilipotaka, na zile nyuzi kavu za katikati zikashika kwa mvuto wa pili.

Donge liliwaka dakika nne na sekunde kadhaa kwa saa ya simu. Vibanzi vyembamba vilishika ndani ya dakika ya kwanza, vile vya unene wa penseli vikafuata, lakini vile vinene nilivipanga mapema mno nikaukandamiza moto na ukafa. Jaribio la pili nilikuwa na subira, na maji ya chai yalichemka.

Vidole vyangu nilivichovya kwenye maji ya friji kama alivyosema ndugu wa Ngong. Kiberiti cha gesi kilinishinda mara nyingi kwa sababu kidole gumba kilikosa nguvu ya kuzungusha gurudumu, ilhali kijiti cha cheche nilikishika kwa ngumi nzima na nikafaulu. Jambo hilo sikulitegemea, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kijiti ni cha akiba tu.

Kwa hiyo tutasafiri na viberiti vitatu vya gesi vilivyofungwa mpira, vijiti viwili vya cheche vikiwa shingoni kwangu na kwa mwenzangu, madonge kumi na mawili katika makopo mawili, nusu mishumaa minne, na kanda tatu za mpira wa baiskeli kwa dharura. Njiti nimeziacha nyumbani, ndani ya ndoo ambayo mama yangu ameshaiweka juu ya kabati. Kabla ya kuondoka wenzangu wote watano watakuja uani kwetu, kila mmoja atawasha moto wake kwa kijiti hadi chai ichemke, ili asitegemewe mtu mmoja kama nilivyotegemewa mimi Uluguru.